Pima Kwanza, Kisha Ununue



Katika chama chetu cha kompyuta, kila mashine ikienda polepole lawama huiangukia kadi ya michoro, yaani kifaa kile kinachochora picha za kwenye kioo. Sasa wenzangu wataka kuwaandikia kaka zetu waliomaliza shule hapa, wawaombe kadi mpya sita. Mimi napinga, na sababu zangu ni hizi.

Mwaka jana nami nilishikwa na ugonjwa huo. Likizo nzima nilibeba matofali, nikanunua kadi iliyokwisha tumika. Nilipoichomeka, kompyuta haikuwaka. Kumbe tundu la kadi hutoa umeme wa wati 75 tu. Kadi yenye kula zaidi hutaka waya wake kutoka kisanduku cha umeme, na kisanduku changu hakikuwa na waya huo. Nikanunua kisanduku kingine. Mashine ikawaka, lakini kuandika na kusoma intaneti kukabaki kule kule kwa polepole.

Ndipo nikapima. Katika Windows ya siku hizi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Hufunguka Task Manager. Fanya kazi zako za kawaida huku ukitazama. Mimi niliona kumbukumbu yangu ya GB 4 imejaa, diski yahangaika kwa asilimia 100, na kadi imelala usingizi! Nikaongeza kumbukumbu, nikatia diski ya SSD, na mashine ikachangamka.

Sisemi kadi haina faida. Mwenye kuchora kwa Blender, kutengeneza video, au kucheza michezo ya picha nzito, huenda akaihitaji. Naye apime: apunguze ukubwa wa picha katika mchezo. Mwendo ukiongezeka, kadi ndiyo inayochelewesha. Usipoongezeka, yafaa atazame kwanza kichakataji, ndicho ubongo wa mashine.

Lakini mashine zetu za shule ni za kuandikia na kuhesabia. Basi tuzipime moja moja, tuandike tulichokiona, ndipo tuombe. Fedha za kaka zetu ni za jasho, kama yangu ya matofali. Si adabu kumwomba mtu dawa nasi hatujaujua ugonjwa.

Mwanafunzi wa darasa la mwisho