Nyimbo Nazo Zataka Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo twautumia sana madukani, lakini ni nadra kuutumia kwa nyimbo, ilhali nyimbo nazo ni mali. Leo twapenda kuwatetea watu ambao aghalabu huchekwa: wale ambao kila juma huandika orodha ya nyimbo kumi zilizowapendeza, ya kwanza hadi ya kumi, wakaitia tarehe na kuiweka. Wengi huiona kazi hiyo kuwa mchezo wa vijana wasio na shughuli. Sisi twaiona kuwa ni uwekaji wa kumbukumbu.

Tuchukue mfano mmoja. "Helule Helule" ni wimbo wa Daudi Kabaka, mwimbaji wa Kenya. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza la Tremeloes liliuimba upya, na hadi leo yajulikana kuwa huko Uingereza ulifika nafasi ya 14. Yajulikana kwa nini? Kwa sababu tarehe 14 Novemba 1952 gazeti la New Musical Express lilianza kuchapa orodha ya kila juma. Haikuhitaji mitambo mikubwa. Percy Dickins alipiga simu kwa maduka kiasi cha 20, akauliza ni sahani zipi zilizouzwa zaidi, akaandika. Sasa na tuulize: wimbo huo huo, kwa sauti ya Kabaka mwenyewe, ulitamba majuma mangapi Nairobi, au Mombasa, au Embu? Hapo jibu haliji kwa wepesi huo. Wimbo ni wetu, hesabu yake iko ng'ambo.

Ikiwa miji ndiyo hiyo, mashambani je? Fikirini Gachoka, katika nchi kavu ya Wambeere, kaunti ya Embu. Wasomaji wetu wa pwani walilisikia sana jina la Mbeere mwaka 2024, wakati wa mvutano juu ya muguka. Lakini watu wa huko si wakulima wa muguka tu. Ni wasikilizaji wa nyimbo kama sisi. Nani atakayejua miaka 30 ijayo walipenda nini? Kampuni za nyimbo za simu huhesabu, ni kweli, na Spotify ilifika Kenya Februari 2021. Lakini hesabu hiyo haiuoni wimbo uliopigwa kwa redio ya kinyozi, wala ndani ya matatu. Hata jimbo la uchaguzi la Gachoka lilibadilishwa jina, na tangu uchaguzi wa 2013 laitwa Mbeere Kusini. Ikiwa jina la jimbo zima laweza kuondoka, wimbo wa juma moja utadumu vipi pasipo maandishi?

Huko huko, mwanahistoria H. S. K. Mwaniki aliwaendea wazee wa Embu na Mbeere, akayaandika masimulizi yao, na kitabu kikatoka 1973. Nasi wa pwani tuna mfano ulio karibu zaidi. Mashairi ya Muyaka bin Haji yangalizikwa pamoja na waliokuwa wakiyakumbuka, lau si Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyeyakusanya na kuyaandika. Ndipo diwani yake ikaweza kuchapishwa 1940, kiasi cha miaka mia moja baada ya mshairi kufariki.

Yuko atakayesema kuwa orodha ya mtu mmoja ni hawaa yake, si sauti ya umma. Twakubali, na kwa hivyo aiite kwa jina lake: chati ya fulani. Lakini shahidi mmoja aliyeandika siku ile ile ni bora kuliko mia wanaokisia baadaye. Na madaftari kumi yakikutanishwa, ukweli huanza kuonekana.

Basi anayetaka kuanza na aanze na daftari gumu la mistari. Kila juma siku moja, isibadilike. Aandike tarehe, jina la wimbo, mwimbaji, nafasi ya juma hili na ya juma lililopita, na pale alipousikia. Asimsahau mtunzi, kwani katika taarabu mara nyingi anayetunga siye anayeimba: Juma Bhalo aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir. Zaidi ya yote, asiirekebishe orodha ya zamani kwa kuwa leo wimbo ule wamchusha. Orodha iliyorekebishwa haina ushahidi tena. Mwisho, anakili mara mbili, na nakala moja ikae nyumba nyingine, maana simu huibiwa na karatasi huliwa na mchwa.

Twaziomba maktaba za kaunti, za pwani na za bara, zitenge rafu moja kwa madaftari ya namna hii. Nanyi jamaa, mkikuta daftari la marehemu limejaa majina ya nyimbo na tarehe, msilifungie karanga. Huenda ndilo shahidi pekee kuwa wimbo fulani, juma fulani, uliwafurahisha watu.