Tusimsahihishe Mwenda wa Bayeke
Sheria ya elimu ya 2014 inataka mtoto wa Kongo aanze kusoma kwa lugha ya taifa au ya mazingira yake. Kwa watoto wengi wa Bunia, lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini wasome nini? Napendekeza maisha ya wanamuziki, tukianza na Jean Bosco Mwenda wa Bayeke (1930–1990). Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, Likasi ya leo. Baadaye wapiga gitaa wa Kenya wakaiga upigaji wake.

Hofu yangu ni sisi wanaisimu. Tutataka Mwenda azungumze Kiswahili sanifu kitabuni, ilhali aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Wapo watakaosema mtoto atachanganyikiwa, mtihani umshinde. Basi msimulizi atumie sanifu nyepesi, lakini maneno ya Mwenda mwenyewe yabaki kama alivyoyatamka, maana yake iwekwe pembeni. Tukiyasahihisha, mtoto wa Bunia, ambaye naye hasemi sanifu nyumbani, ataelewa kwamba lugha ya kwao inafaa kuimbwa tu, si kuandikwa. Kitabu cha namna hiyo, heri kisichapishwe.