Reli ya Lobito: wakaaji wa Bel Air wapimiwe kwanza, treni ipite nyuma

Kolwezi, jimbo la Lualaba. Katika mtaa wa Bel Air, watu wanaoishi kando ya reli hawakatai treni. Mama anayeuza makala karibu na reli anajua vizuri kwamba siku treni itatembea bila kukwama, gunia linalotoka mbali litashuka bei. Kinachomnyima usingizi ni kitu kingine: hajui kama nyumba yake iko ndani ya mpaka wa reli ama inje.

Njia hii si mpya. Kutoka bandari ya Lobito, kule Angola, reli inakwenda kilometa karibu 1,300 hadi mpakani, halafu kilometa karibu 400 kwa upande wa Kongo, kutoka Dilolo hadi Kolwezi. Pande hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1931. Vita vya Angola viliikata njia tangu 1975. Treni zikawa haba, mji ukakua, watu wakajenga, wakalima bustani, wakaweka meza za soko. Kuna mwenye karatasi ya kiwanja, kuna mwenye neno la mkubwa wa mtaa tu.

Leo Marekani na Umoja wa Ulaya wanaunga mkono kufufuliwa kwa njia hiyo, juu ya shaba na kobalti. Faida ipo: lori zinazopanga mstari hadi Kasumbalesa zinaweza kupungua barabarani. Lakini mwaka 2025 shirika la Global Witness lilisema kwamba watu hadi 6,500 wanaweza kuhamishwa hapa Kolwezi. Hiyo ni hesabu ya juu kabisa, si hukumu iliyokwisha kukatwa. Ndiyo sababu kuongea kunafaa sasa, wakati nyumba zingali zimesimama.

Kifungu cha 34 cha Katiba kinasema mali ya mtu haichukuliwi ila kwa faida ya watu wote, tena kwa malipo ya haki yanayotolewa mbele. Neno la kushika ni hilo: mbele. Kolwezi inajua kuhama. Mwaka 2017 familia za Kasulo ziliondoka ili kupisha machimbo. Mtu akilipwa leo na kuambiwa atoke kesho, anakwenda kutafuta kiwanja pamoja na jirani zake wote, na muuzaji anapandisha bei. Pesa iliyotosha nyumba inatosha chumba.

Tena kuna wasio na kiwanja kabisa. Familia iliyokimbia vita ikapanga chumba kwa mtu, haina karatasi ya kuonyesha. Siku ya malipo, mwenye nyumba anaitwa, mpangaji anaambiwa abebe vyombo. Familia kama hiyo inahama mara ya pili, na mara hii hakuna anayeiita mhamaji.

Wanachotaka wakaaji si kikubwa. Mita zipimwe mbele ya watu wote na zitangazwe kwa Kiswahili kwenye redio, ili mita za leo zisigeuke kesho. Wapangaji na wauzaji wa meza waandikwe pamoja na wenye nyumba. Malipo yatoke kabla ya mashini kuingia. Watoto wamalize mwaka wa masomo. Na treni yenyewe iwe na mabehewa ya watu na mizigo yao, isimame Kolwezi na kwenye stesheni ndogo za njiani, mkulima apandishe mihogo yake. Kama itabeba shaba tu, aliyehamishwa atakuwa amelipia njia asiyoipanda.

Serikali na kampuni zina wahandisi wa kupima reli. Wawatume pia wapime mbele ya mlango wa yule mama, naye akiwa amesimama hapo. Alama nyekundu kwenye ukuta isiwe barua ya kwanza anayopata.