Mionzi ya hospitali na vumbi la koltani

Mjini Goma, mtu akisema anaenda kupiga radio, haendi kuongea kwenye mikrofoni. Anaenda hospitali kupigwa picha ya kifua ao ya mguu uliovunjika. Wako wanaoingia chumba kile na woga, wakizani mionzi itabaki mwilini. Haibaki. Mashine ikizimwa, mionzi imeisha. Kinachotakiwa ni mama mwenye mimba aseme mapema, na mpiga picha asimame nyuma ya kinga, sababu yeye anafanya kazi hiyo kutwa nzima.

Woga huo hauonekani mbele ya mfuko wa koltani.

Koltani inayochimbwa Masisi, hasa Rubaya, ni madini ambayo mara nyingi huwa na uraniamu na thoriamu kidogo ndani yake. Ndiyo maana katika usafiri wa kimataifa, mzigo wa madini ukipita bekereli 10 kwa gramu unahesabiwa kuwa wa mionzi na kuwekewa alama. Mwenye meli anajulishwa. Aliyeubeba mgongoni kutoka mlimani, nani anamwambia?

Mwanafunzi anayejitayarisha kwa Exetat anajua kuandika: alfa inazuiwa na karatasi, beta na bati la aluminiamu, gama inataka risasi nzito. Anapata pointi zake. Lakini alfa hiyo isiyopita hata ngozi, ikiingia mapafuni pamoja na vumbi, hakuna tena cha kuizuia. Tena uraniamu huzaa radoni, gesi isiyo na harufu, inayojikusanya kwenye mashimo yasiyo na hewa na kuleta kansa ya mapafu. Basi hatari kubwa haiko katika kugusa mfuko. Iko kwa anayetwanga na kupepeta bila kashne, na kwa familia inayolala chumba kimoja na mzigo ikingoja bei ipande.

Hata hivyo, mashimoni udongo unaoporomoka unaua haraka kuliko mionzi.

Darasani mfano unaotajwa ni Shinkolobwe, kule Katanga, kulikotoka uraniamu ya bomu la Hiroshima mwaka 1945. Ni historia ya nchi, lakini ni mbali. Rubaya iko karibu, na tangu 2024 iko mikononi mwa M23. Kungoja mkaguzi kutoka Kinshasa ni bure. Kumwagia maji kabla ya kutwanga kunatuliza vumbi, na mzigo unaweza kutolewa chumba cha watoto leo hii.