Nani Aukague Ukuta wa Kachibora?

Mtu akijenga vyumba vya kupangisha Kachibora, Trans Nzoia, na akataka umeme, Kenya Power haitamfungia mita mpaka fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi, atie sahihi kwamba nyaya zimefungwa sawasawa. Leseni hizo zina madaraja. Wa C2 ana kazi zake, na za A1 hazigusi. Lakini ukuta unaozibeba nyaya hizo, mara nyingi, hauna sahihi ya mtu yeyote. Ukianguka, kila mtu atamtafuta fundi, na fundi atakuwa ameshahamia mjengo mwingine.

Si kwamba sheria haipo. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya mipango na nyumba. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka ruhusa kabla ya kujenga. Kanuni mpya za ujenzi, zilizotangazwa 2024 na kuanza kutumika Machi 2025, zimezistaafisha zile za 1968. Hata afisa wa afya ya umma ana uwezo wa kutangaza kwamba nyumba haifai kukaliwa. Kinachokosekana ni miguu. Trans Nzoia inaanzia miteremko ya Mlima Elgon hadi milima ya Cherangany, na huku kwetu nyumba huanza kuinuka mahindi yakishauzwa. Kuanzia Desemba hadi mvua zirudi, kila njia ina rundo la kokoto. Maafisa wachache hawawezi kuwa kila mahali katika miezi hiyo. Tena Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011 inaziachia kando kazi ndogo, pamoja na nyumba ya mtu ya kuishi isiyohitaji mchoro wa kihandisi. Nyingi za huku zinapitia mwanya huo.

Kwa hiyo swali la sifa za mkaguzi si la Nairobi peke yake. Nani anafaa kuikagua nyumba ya vyumba sita kando ya soko la Kachibora, na awe amesomea nini?

Wapo wanaojibu kwamba ni mhandisi aliyesajiliwa, basi. Kwa jengo la zaidi ya ghorofa moja nakubaliana nao bila mjadala. Kwa nyumba za chini, tukimsubiri mhandisi atoke Kitale kwa kila msingi, mahindi ya msimu mwingine yatauzwa tukiwa bado tunasubiri. Wapo pia wanaosema fundi wa miaka ishirini anajua kuliko kijana aliyetoka chuoni jana. Hao wana nusu ya ukweli. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, humpima mtu kama anaweza kuusimamisha ukuta wake. Kutafuta kosa lililofichwa katika ukuta wa mwenzake ni kazi nyingine. Isitoshe, mwenzake huyo ndiye atakayemwita kibaruani wiki ijayo, na ni vigumu kumkosoa mtu unayemtegemea kwa unga.

Chukua siku ya kumwaga slabu. Mashine ya kuchanganya zege inanguruma tangu alfajiri, vijana wa mkono wamejipanga na karai, mwenye nyumba ameshanunua soda na simiti iko wazi. Mkaguzi anapanda ngazi na kukuta vyuma vimelala juu ya mbao bila biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyoviinua ili zege ipite chini yake. Baada ya saa moja hakuna atakayeviona tena. Vikiachwa hivyo vitakosa kifuniko, unyevu utavifikia na kutu itaanza kazi yake polepole. Kulijua hilo kunahitaji mafunzo. Kusema “simamisheni” mbele ya umati ule kunahitaji cheo ambacho fundi hawezi kukipuuza, na mshahara usiotoka mfukoni mwa mwenye nyumba.

Ndiyo maana mkaguzi anayekuja mara moja, nyumba ikiwa imeshapakwa rangi, ni karibu sawa na asiyekuja. Anapaswa kuuona mtaro wa msingi ukiwa wazi, vyuma kabla ya zege, na kenchi kabla ya mabati. Nyumba ikishakamilika anabaki na dalili tu, na dalili nazo zina elimu yake. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta huwatia watu hofu ya bure. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi ukifuata viungio vya matofali, tena ukipanuka kadiri unavyokwenda juu, unaashiria kwamba msingi umetitia upande mmoja. Plasta mpya itauficha kwa msimu mmoja.

Marekani, ambako ukaguzi wa nyumba ni kazi kamili na chama cha wakaguzi cha ASHI kipo tangu 1976, nao hawajaafikiana: Texas inadai leseni, California haina leseni hiyo kabisa. Sidhani tuna mengi ya kuiga huko, kwa kuwa mkaguzi wao huitwa na mnunuzi wa nyumba iliyokwisha kujengwa. Hapa watu hununua ardhi, na wanachokagua ni hati. Anayemhitaji mkaguzi zaidi ni mpangaji, naye hana pesa za kumlipa.

Mfano wa kuiga uko kwenye ile mita ya umeme. Kaunti iwachukue wenye diploma ya ujenzi, na Kitale National Polytechnic iko papo hapo, pamoja na mafundi wa daraja la kwanza watakaofaulu kozi ya ziada ya ukaguzi. Iwape leseni kwa madaraja: huyu nyumba za chini tu, yule hadi ghorofa moja, na zaidi ya hapo ni mhandisi. Anayekagua mtaa asijenge katika mtaa huo. Jina lake na namba ya leseni viwe kwenye kila ripoti. Kaunti tayari inatoza ada ya kupitisha michoro. Sehemu yake ilipe ziara hizo.

Watasema sahihi hununuliwa, kama vyeti vya nyaya vinavyosemekana kutiwa sahihi na watu wasioiona nyumba. Inawezekana. Lakini sahihi iliyonunuliwa ina jina la muuzaji, na leseni inaweza kufutwa.

Nyumba zilizokwisha kusimama ni hesabu nyingine. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50, lilikuwa limeshawekwa alama ya kubomolewa. Ubovu wake ulijulikana, na watu wakaendelea kulala ndani. Mkaguzi wa daraja la chini akikuta jengo la namna hiyo, kazi yake ni kuandika alichokiona na kumwita mhandisi. Kutoka hapo kaunti iwe na idadi ya siku za kujibu, iliyowekwa kwa sheria, na mpangaji apate nakala ya ripoti kabla mwenye ploti hajaja kuchukua kodi ya mwezi unaofuata.