Mwili Wapungua, Mfuko Wakonda

Zamani hapa kwetu pwani mtu akiambiwa "umenawiri" alifurahi siku nzima. Mwanamke mnene ndiye aliyesifiwa, na aliyekonda aliulizwa ana maradhi gani. Leo mambo yamegeuka. Kukonda kumekuwa bidhaa, tena yauzwa kwa simu.

Mpwa wangu yuko Marekani, jimbo la Ohio. Kazi yake ni ya kuketi, na sukari inamnyemelea kama ilivyomnyemelea mamake. Akaona tangazo: daktari atakuuliza maswali kwenye simu, akuandikie cheti, sindano ikufikie mlangoni. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ilikuwa nafuu.

"Mjomba," akaniambia, "kumbe ile ilikuwa ada ya daktari tu. Dawa haimo!"

Haya, na dawa yenyewe je? Wegovy ilipoidhinishwa huko kwa kupunguza unene, Juni 2021, bei yake ilitangazwa kuwa dola 1,349 kwa mwezi. Kwa hesabu ya shilingi 129 kwa dola, hizo ni kama shilingi 174,000. Nakiri bei zimeteremka tangu hapo. Wanaolipa taslimu walipunguziwa hadi dola 499 Machi 2025, kisha 349 Novemba mwaka huohuo. Hata hivyo, watafiti walikadiria mwaka 2024 kwamba dawa ya mwezi mzima ya jamii hii yaweza kutengenezwa kwa chini ya dola 5. Msomaji, piga hesabu mwenyewe.

Linaloniudhi zaidi ni vipimo. Zepbound ilipoanza kuuzwa kwa vichupa Agosti 2024, kipimo cha kuanzia, miligramu 2.5, kilikuwa dola 399 kwa mwezi. Kinachofuata, miligramu 5, dola 549. Na hicho cha kwanza ni cha kuuzoesha mwili tu, hukai nacho. Basi muuzaji anayetangaza bei ya mwezi wa kwanza peke yake amesema nusu ya kweli. Sisi tuliochapwa bakora chuoni hadi tukaihifadhi sura ya wapunjao vipimo, jambo hili twalijua jina lake.

Siitukani dawa. Katika majaribio yaliyochapishwa 2021, waliodungwa walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Mpwa wangu mwenyewe magoti yamepata nafuu, anapanda ngazi bila ya kutweta. Lakini kuacha ndiyo kazi: utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa walioacha, mwaka mmoja baadaye walirudiwa na thuluthi mbili za uzito waliopoteza. Ni kama kupanga nyumba. Ukishindwa na kodi, vyombo nje.

Kwa hiyo ningekuwa mimi mtunga sheria wa huko, kila tangazo lingelazimika kutaja gharama ya mwaka mzima: ada, dawa ya kipimo cha juu na nauli ya kuileta, yote kwa herufi sawa na zile kubwa.

Juzi ameniuliza iwapo aruke sindano mbili mwezi ujao apate kulipia gari. Nikamwambia, mwanangu, mimi mtunga mashairi, muulize daktari wako. Akacheka. Kila akipiga hupokea daktari mwingine, na swali nalo lina ada yake.