MPIRA, TELEVISHENI, NA SAHIHI ISIYOTIWA



Katika toleo lililopita tuligusa kidogo habari za mpira wa Uingereza, na wenzetu wengine wakatuletea maneno. Walisema karatasi ya chama ni ya mishahara na saa za ziada, si ya michezo ya Wazungu. Wengine wakasema mcheza mpira si mfanyakazi, maana anapata kwa wiki moja kuliko mtu wa karakana kwa miaka kumi. Leo tunawajibu, na tutawajibu bila kuficha, kwa sababu watu hao hao ndio wanaosema siku hizi ya kuwa kamati yetu inachelewesha mambo kwa kudai karatasi.

Mpira huo ulianzishwa na nani? Manchester United, ambayo mnaipigia kelele kila Jumamosi mpaka majirani hawalali, ilianza mwaka 1878 kwa jina la Newton Heath, na walioianzisha walikuwa watu wa reli, mafundi wa mabehewa wa Lancashire and Yorkshire Railway. Crewe Alexandra ni kilabu cha mji wa reli, na mpaka leo kinaitwa Watu wa Reli. Basi msituambie ya kwamba tumeingia nyumba ya watu.

Tena mchezaji wa daraja la pili si yule mnayemwona katika picha akiegemea gari jekundu. Chini ya ligi kubwa kuna madaraja matatu yenye vilabu 72. Huko mtu ana mkataba wa mwaka mmoja au miwili, na goti likivunjika amekwisha. Chama chao kilianzishwa Manchester mwaka 1907. Mwaka 1961 kulikuwa na kanuni ya vilabu ya kuwa hakuna mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, hata uwanja ukijaa mpaka watu wakaning'inia ukutani. Wachezaji wakatishia kugoma, kanuni ikaondolewa mwezi wa Januari mwaka ule ule. Hakuna tajiri aliyeamka asubuhi akawahurumia.

Sasa tuje kwenye fedha za televisheni. Zamani fedha hizo ziligawanywa kwa vilabu vyote 92 vya Ligi, mkubwa na mdogo. Katika miaka ya 1980 wakubwa wakadai nusu yote iwe yao, wakapewa. Mwaka 1992 hata nusu haikuwatosha. Vilabu 22 vya juu vikajitoa, vikaunda Premier League, vikafanya biashara yao na kampuni ya televisheni peke yao. Waliobaki chini wakaachiwa kutafuta mnunuzi wao wenyewe. Daraja la pili likawa kama abiria aliyeachwa stesheni: gari moshi analiona, taa za nyuma anaziona, lakini tikiti yake haina kazi tena.

Mwezi wa Juni mwaka 2000 mnunuzi akapatikana. Kampuni mpya ya televisheni, iliyoitwa ONdigital na baadaye ITV Digital, iliahidi Ligi pauni milioni 315 kwa miaka mitatu kuanzia msimu wa 2001. Kampuni hiyo ilikuwa mali ya matajiri wawili wakubwa wa televisheni, Carlton na Granada. Katika karatasi ya maombi yaliandikwa maneno ya kuwa wenye kampuni watadhamini malipo. Wakubwa wa Ligi wakafurahi. Vilabu vikaanza kutumia fedha hizo kabla hazijafika, na sehemu kubwa ilikuwa ya daraja la pili, kwa hiyo huko ndiko walikotumia zaidi.

Kabla hatujaendelea, tazameni jambo moja lililotokea katikati. Mwezi wa Novemba mwaka 2001 chama cha wachezaji kilipiga kura ya kugoma katika michezo yote yenye kamera, kwa sababu wakubwa wa mpira walitaka kupunguza sehemu ya fedha za televisheni inayoingia katika mfuko wa chama. Mfuko huo ndio unaosaidia walioumia, wagonjwa, na wale wanaotafuta elimu ya kazi nyingine. Asilimia 99 ya waliopiga kura walisema NDIYO. Waliopiga kura hiyo ni pamoja na watu wenye mamilioni, ambao hawakuhitaji hata senti ya mfuko ule, lakini walisimama na mwenzao wa daraja la nne. Mgomo haukufanyika, maana wakubwa walikubali kutoa zaidi ya pauni milioni 50 kwa miaka mitatu. Na wale wanaosema mcheza mpira si mfanyakazi watuambie: katika tawi letu, tulipata lini asilimia 99?

Miezi minne baadaye nyumba ikaanguka. Watu hawakununua visanduku vya ITV Digital kama ilivyotumainiwa. Kampuni ilikuwa bado inadaiwa na Ligi pauni milioni 178.5, ikasema italipa milioni 50 tu, watake wasitake. Ligi ikakataa. Tarehe 27 Machi 2002 kampuni ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi. Ligi ikageuka kwa Carlton na Granada, ikasema: ninyi ndio wadhamini, lipeni. Matajiri wakajibu: sisi? Tuonyesheni sahihi yetu.

Ndugu, hakukuwa na sahihi! Ule mkataba mrefu ambao ungewafunga wale wenye mali haukutiwa sahihi. Ligi ilikuwa na ile karatasi ya kwanza tu, na karatasi ile ilisema ni maombi yanayongoja mkataba kamili. Kesi ikafika Korti Kuu ya London, na tarehe 1 Agosti 2002 Ligi ikashindwa. Kwa sheria ya Kiingereza tangu mwaka 1677, mtu hawezi kudaiwa deni la mwingine alilodhamini isipokuwa kuna maandishi na sahihi yake. Miaka mia tatu na zaidi sheria hiyo ilikuwapo, na watu wenye mawakili wa bei ghali hawakuitazama. Baadaye Ligi iliwashtaki mawakili wake wa zamani kwa uzembe, na mwaka 2006 korti ikaipa fidia ya pauni 4. Si milioni nne. Nne, ambazo hazitoshi chakula cha mchana huko London.

Nani aliyelipa? Carlton na Granada waliungana mwaka 2004, wakawa kampuni moja kubwa, biashara ikaendelea. Ligi ikauza michezo yake upya kwa Sky kwa pauni milioni 95 za miaka minne, yaani chini ya milioni 24 kwa mwaka, ambapo mwanzo ilitegemea 105. Bradford City ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi Mei 2002, Leicester City Oktoba, Ipswich Town Februari 2003. Mamia ya wachezaji wa madaraja ya chini walimaliza mikataba yao mwaka ule wasipate mingine. Chama chao kilikopesha vilabu fedha ili mishahara ilipwe.

ITV Digital ilikuwa na kikaragosi cha nyani cha kufuma kwa uzi, cha kutangazia biashara, na watu walikipenda kuliko kampuni yenyewe. Kampuni ilipokufa nyani akakaa bila kazi, lakini mwaka 2007 akaandikwa tena kutangaza chai ya PG Tips, ambayo ndani yake mna majani yaliyochumwa hapa kwetu Kenya. Kwa hiyo tunaweza kusema katika habari hii yote aliyepata kazi nyingine nzuri alikuwa nyani.

Kuna neno jingine, na tunalisema ingawa linachoma wenzetu. Kanuni ya Ligi ni ya kuwa kilabu kikifilisika, madeni ya wachezaji na ya vilabu vingine yalipwe kamili kwanza. Mwuza mikate, mpiga chapa wa tikiti, fundi wa bomba aliyetengeneza mabafu ya uwanja, hao wanagawana makombo. Hatuwezi kusifu kura ya asilimia 99 tukanyamazia jambo hili. Mfanyakazi aliye karibu na kamera alindwe, na aliye nyuma ya jukwaa asilindwe? Hapana, hatulikubali hata likifanywa na chama.

Wako watakaosema vilabu vilijitakia, vilitumia fedha ambazo hazijafika mfukoni. Ni kweli, vilitumia. Lakini waliokata shauri ni wenye vilabu na wakubwa wa Ligi, katika vyumba ambavyo mfua jezi hakuingia hata kupeleka chai. Waliosaini mishahara mikubwa si wao waliofukuzwa kazi. Na mgawanyo ule mbaya wa 1992 ndio uliowafanya watu wa daraja la pili wakimbilie mnunuzi yeyote anayepita. Mpaka mwaka 2025 ndipo Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuweka msimamizi huru wa mpira, mwenye uwezo wa kuamua mgawanyo wa fedha kati ya ligi kubwa na za chini wakishindwa kupatana wenyewe. Miaka 33! Na wakubwa walipinga mpaka dakika ya mwisho.

Sasa turudi nyumbani. Msidhani sheria ile ya 1677 ni ya Wazungu tu. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, kifungu cha 3, inasema neno lile lile: ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haina kesi kortini kama haikuandikwa na kutiwa sahihi. Na kwa mapatano yetu ya kazi iko Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007. Kifungu cha 59 kinasema mapatano ya pamoja yanapata nguvu ya kutekelezwa yakisajiliwa na korti ya kazi. Kifungu cha 60 kinataka yapelekwe huko katika siku 14 baada ya kukubaliwa, na anayepaswa kuyapeleka ni tajiri.

Kila mmoja wetu amepata kuambiwa na msimamizi, "Anzeni tu, barua inakuja." Tukaanza. Barua nyingine bado iko njiani, labda inakuja kwa miguu. Juzi tena tumesikia vijana katika karakana wakisema nyongeza imekwisha kukubaliwa kwa mdomo, mkubwa amewapa mkono viongozi, kwa nini kamati isitangaze watu wakafurahi. Wengine wamekwenda dukani kuchukua vitu kwa mkopo kwa kutegemea nyongeza hiyo. Vijana hawa wanajua majina ya wachezaji wote wa Arsenal na wale wa akiba, lakini hawajui tarehe ya mwisho ya mapatano yao wenyewe.

Kamati haitatangaza lolote. Mkutano wa tawi utakapokaa, kila mwanachama anayo haki ya kusimama na kumwuliza katibu, bila kuogopa na bila kuitwa mkorofi: karatasi iko wapi, imetiwa sahihi na nani kwa upande wa tajiri, na imepelekwa kortini siku gani? Katibu akishindwa kujibu, asiruhusiwe kukaa mpaka aseme ni kwa nini.

Sisi wenu,
Wanachama wa Tawi